Hesabu ya Jua Bandia

Tangu Desemba 2022 nimekuwa nikiambiwa, tena na watu waliosoma, kwamba tatizo la nishati duniani limekwisha kupata ufumbuzi: muunganiko wa nyuklia umeanza kuleta faida. Naitilia shaka hesabu ya faida hiyo, na zaidi matumizi yake.

Tarehe 5 ya mwezi huo, katika maabara ya Lawrence Livermore, California, miale 192 ya leza ilikielekezea kidonge cha hidrojeni nzito nishati ya megajuli 2.05, nacho kikatoa 3.15. Ni tukio kubwa la kisayansi. Simwonei gere mwanafizikia yeyote. Lakini ili kuizalisha miale hiyo, mitambo ilivuta kutoka gridi megajuli zipatazo 300. Mfanyabiashara aliyetumia shilingi 300 akapata 3, kisha akajisifia faida kwa kuwa mbili tu ndizo zilizofika sokoni, tungemwitaje? Na hizo 3.15, ndugu msomaji, hazichemshi ndoo moja ya maji ya lita 20. Zinachemsha nusu yake. Tena kazi kuu ya mtambo huo ni kuhudumia hazina ya silaha za nyuklia za Marekani, si kuwasha taa za mtu.

Wapo watakaonitajia ITER, kule Cadarache, Ufaransa. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2006. Plazma ya kwanza iliahidiwa 2016, ikasogezwa hadi 2025. Na mwaka 2024 wakuu wa mradi wakatangaza kwamba utafiti utaanza 2034, na majaribio ya deuteri na tritiamu 2039. Hata yakifaulu, mtambo huo haukusanifiwa kuzalisha umeme. Utatoa joto, na joto lenyewe litatupwa.

Mtafiti apewe fedha zake, na avumiliwe. Nisiyemvumilia ni mtunga sera anayeitumia 2039 kama ruhusa ya kuchoma makaa ya mawe leo, ilhali upepo na jua hili la juu vinazalisha umeme tayari, kwa bei inayojulikana.

Wiki iliyopita nilimrudishia mwanafunzi insha iliyodai kuwa paneli za sola ni kazi ya kupoteza muda, kwa sababu muunganiko u mlangoni. Ilinukuu 2.05 na 3.15 kwa usahihi kabisa. Nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: iko wapi ile 300?