Huyo Bundi Hawindi

Baadhi yetu huwacheka wazee waaminio kwamba bundi akilia juu ya paa ameleta msiba. Je, wapiga picha wa ng'ambo wanamtendea wema zaidi?

Miaka panya wa porini wanapoadimika katika misitu ya Kanada, bundi wakubwa wa kijivu huhamia kusini wakati wa baridi. Majira ya 2004-2005 walifika kwa maelfu katika jimbo la Minnesota, Marekani. Magari yakawaua wengi. Ndege huyu husikia panya akitembea chini ya theluji, akajitosa na kumnasa bila kumwona. Kungoja tendo hilo kwataka subira, na wapo wapiga picha wasio nayo. Hao hununua panya hai dukani, wakamtupa juu ya theluji karibu na barabara, kamera zikiwa tayari. Bundi huja, kisha huzoea kuja. Picha ikichapwa, chini yake huandikwa: "Bundi akiwinda."

Walimu wenzangu, sisi tufundishao maana za vitenzi tuseme wazi: huyo hawindi, analishwa. Mzee wa kwetu amfukuzaye bundi kwa mawe amekosea, lakini hajadai kamwe kwamba anampenda.