Kipaza Sauti cha Umma

Swali moja limekuwa likirejea kila mara katika Visiwa vyetu, na kila linaporejea hukwepwa: chombo cha habari kinachoendeshwa kwa fedha za umma kiruhusu siasa kwa kiasi gani katika mijadala yake? Wapo wasemao kuwa siasa ipigwe marufuku kabisa, na wapo wadaio kuwa kila mtu aachiwe aseme apendavyo. Sisi tunaona kuwa pande zote mbili zimekosea.

Wanaoogopa siasa hatuwezi kuwabeza. Visiwa hivi vina kumbukumbu chungu. Katika uchaguzi wa Juni 1961, baada ya miaka ya maneno makali majukwaani na magazetini, watu 68 waliuawa. Damu ilimwagika tena Januari 2001. Aliyeona hayo hawezi kuambiwa kuwa maneno ni upepo tu.

Lakini dawa ya maneno mabaya si kufunga vinywa vyote. Hebu tumfikirie mkulima wa Wete apigaye simu katika kipindi cha redio ya umma na kuuliza kuhusu bei ya karafuu anayolipwa na Shirika la Taifa la Biashara. Je, hiyo ni siasa? Ni siasa, kwa kuwa bei hiyo imo mikononi mwa Serikali. Lakini ni haki yake pia. Mwendesha kipindi akimkatiza kwa kusema, “Hapa hatuzungumzi siasa,” atakuwa amemnyang’anya mwenye mali kitu chake mwenyewe. Kodi ya mkulima huyo, pamoja na ya mvuvi wa Kojani na mama wa mwani wa Paje, ndiyo iliyokinunua kipaza sauti hicho.

Kwa hiyo, mpaka haupiti baina ya siasa na yasiyo siasa. Unapita baina ya kudai maelezo na kuomba kura. Anayeuliza kwa nini maji hayatoki katika mifereji ya mtaa wake anatimiza wajibu wa raia. Anayetumia nafasi hiyo kutangaza jina la mgombea, au kulitukana kabila la wenziwe, amekigeuza chombo cha wote kuwa jukwaa la wachache. Huyo wa pili azuiwe. Azuiwe pia waziri ambaye, akialikwa kueleza mipango ya skuli, hugeuka akahimiza watu wakipigie kura chama chake. Mkasi ukatao upande mmja tu si mkasi wa haki, na wananchi huutambua upesi kuliko wakubwa wanavyodhani.

Waingereza, ambao Sauti ya Unguja ilianzishwa katika enzi yao mwaka 1951, nao walilipata funzo hili kwao. Tangu mwaka 1944 shirika lao la utangazaji, BBC, lilijizuia kujadili jambo lolote lililotarajiwa kujadiliwa Bungeni katika wiki mbili zilizofuata. Mwaka 1955 Serikali ikaifanya kawaida hiyo kuwa amri. Vita vya Suez vilipotokea mwaka 1956, ubovu wa amri hiyo ulidhihirika, kwani taifa zima lilikuwa likijadili jambo moja. Mwezi Novemba Waziri Mkuu Eden alilihutubia taifa, na siku iliyofuata kiongozi wa upinzani, Gaitskell, akapewa nafasi ya kumjibu. Dola haikuanguka kwa jibu hilo. Kabla mwaka haujaisha, amri yenyewe ilisimamishwa.

Na sisi hatuanzi leo. Muafaka uliotiwa saini na CCM na CUF tarehe 10 Oktoba 2001 ulitaka vyombo vya habari vya umma vizitendee haki pande zote. Waliotia saini walijua kuwa anayenyimwa nafasi ya kusema barazani hutafuta pa kusemea gizani.

Basi tunawashauri wahusika mambo manne. Kwanza, kanuni za mijadala ziandikwe na zisomwe hadharani kabla ya mjadala kuanza, zisibuniwe katikati ya maneno. Pili, zihukumu namna ya kusema na muda wa kusema, zisihukumu rai. Tatu, aliyeguswa kwa jina apewe haki ya kujibu. Nne, aliyekatizwa awe na pa kulalamika, mbele ya watu wasioteuliwa na upande mmoja peke yake.

Mwendesha mjadala ni kama nahodha wa chombo cha abiria. Kazi yake ni kukishika chombo kisipinduke. Hakuajiriwa kuchagua nani ashushwe baharini kwa sababu ya rai yake. Mwananchi aliyesikilizwa leo, hata kama hakukubaliwa, kesho atarudi kuzungumza. Aliyenyamazishwa hatarudi, na ukimya wake usidhaniwe kuwa ni ridhaa.