Zambarau Mpauko Nayo Ni Rangi ya Dhahabu

Mbunifu akiombwa nembo ya kitu cha Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, hukimbilia njano. Naona anaiacha nusu ya utajiri wetu. Dhahabu ikiyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki, kisha ikatiwa chumvi ya bati, hutoa zambarau. Wakemia wa Ulaya walilijua jambo hilo tangu karne ya 17, na karne iliyofuata wafinyanzi wa China wakapaka vyombo vyao waridi laini lenye uzambarau lililotokana na dhahabu. Chembe za dhahabu humo huwa ndogo mno, na udogo huo ndio unaobadilisha rangi. Basi zambarau hii mpauko ni ya Geita kama ilivyo njano.

Wapo watakaosema ni rangi ya kike, tena ya kigeni. Lakini jina zambarau tumelipata kwenye tunda linalopaka ndimi za watoto wetu, na jamaa yake waridi nayo ni ya kwetu: Mwadui, Shinyanga, ndiko ilikotoka mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, kisha ikachongwa ikabaki karati 23.6. Pingamizi zito zaidi ni kwamba rangi haimlishi mchimbaji. Kweli, peke yake haimlishi. Ila anayeuza dhahabu ghafi huuza uzito tu. Sonara anayeilaza pete kwenye kisanduku cha zambarau mpauko, rangi inayokabiliana na njano na kuing'arisha, huuza pia ubunifu wake.