Uamuzi Uliokosa Mwenyewe

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, watu walipanga foleni mbele ya malango ya bustani ya Albert Park, mjini Melbourne, Australia. Walikuwa na tiketi mkononi, wengine wakiwa wamesafiri mbali. Mazoezi ya kwanza ya msimu mpya wa mbio za magari za Formula One yalikuwa yaanze saa sita mchana. Malango hayakufunguliwa. Baada tu ya saa nne ikatangazwa kwamba mashindano yamefutwa. Zilikuwa zimebaki takriban saa mbili.

Nasema mapema ili nisieleweke visivyo: kufutwa kwa mbio zile kulikuwa halali na lazima. Anayedhani mchezo ulistahili kuendelea katikati ya janga hana hoja ya kujibiwa hapa. Ninachokilaumu ni saa ambayo neno lilitamkwa. Nadai kwamba ucheleweshaji ule haukuletwa na kirusi wala na uhaba wa taarifa. Uliletwa na watu wenye mamlaka, ambao kila mmoja alimsubiri mwenzake awe wa kwanza kusema "hapana".

Tazama kalenda. Tarehe 12 Februari mbio za China, zilizopangwa Aprili, ziliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Tarehe 8 Machi waandalizi wa Bahrain walitangaza kwamba mbio zao zingefanyika bila watazamaji. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani liliutaja mlipuko huo kuwa janga la dunia, na siku hiyohiyo, kwa saa za Marekani, ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ikasimamishwa. Alhamisi ya tarehe 12, Melbourne ilifungua malango yake, watazamaji wakaingia na magari ya mashindano ya utangulizi yakanguruma kama kwamba mambo hayo yametokea katika sayari nyingine.

Siku hiyo bingwa wa dunia, Lewis Hamilton, alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba ameshangaa sana kuwaona wote wamekusanyika pale. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa maneno machache ambayo kwa Kiswahili tungesema: fedha ndiyo mfalme. Jioni ikathibitika kwamba mfanyakazi mmoja wa timu ya McLaren ameambukizwa, na timu hiyo ikajitoa. Usiku ule wakubwa wakakutana na timu zikagawanyika, hawa wakitaka kuondoka, wale wakitaka kuendelea. Kulipokucha, hakuna aliyekuwa amewaambia wenye tiketi wabaki nyumbani.

Sasa tuulize swali la kiutawala: nani alikuwa na mamlaka ya kufuta? Palikuwapo kampuni yenye haki za kibiashara za Formula One. Palikuwapo FIA, shirikisho linalosimamia kanuni za mchezo. Palikuwapo shirika la maandalizi, ambalo ni chombo cha serikali ya jimbo la Victoria. Palikuwapo timu kumi, na juu ya hao wote serikali ya jimbo pamoja na madaktari wake. Waziri Mkuu wa jimbo, Daniel Andrews, alisema Ijumaa hiyo asubuhi kwamba mbio zikifanyika hazitakuwa na watazamaji. Neno hilo lilikuwa zuri, lakini watazamaji walikwisha kufika malangoni.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hao hao walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wingi wa vichwa hufaa pale kila kichwa kinapojua wajibu wake. Usipogawanywa wajibu, wingi huwa maficho. Daktari atasema kazi yake ni kushauri. Mwandalizi atasema anasubiri ushauri wa daktari. Mwenye haki za kibiashara atasema anaheshimu serikali ya mwenyeji, nayo serikali itasema mchezo una wenyewe. Duara likikamilika, hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyeamua.

Nyuma ya duara hilo kuna fedha. Mikataba ya matukio makubwa namna hii huwa na mtego mmoja: anayejitoa kwanza, kabla ya sheria au amri ya serikali kumlazimisha, ndiye anayejiweka katika hatari ya kudaiwa. Mwenyeji akifuta mapema, anahofia kulipia mbio zisizofanyika. Mwenye mbio akifuta mapema, anahofia kupoteza ada ya mwenyeji. Kwa hiyo wote wawili wana sababu ya kukaa kimya hadi hali yenyewe iwaamulie. Hasara haikuondoka, iliahirishwa, kisha ikahamishwa kwa mtu wa foleni, kwa mchuuzi aliyekwisha kununua vyakula vya siku nne, na kwa kibarua aliyeahidiwa ujira wa mwisho wa juma.

Najua jibu la upande wa pili. Mkuu wa Formula One wakati huo, Chase Carey, alieleza kwamba hali ilikuwa ikibadilika haraka na kwamba mambo huonekana tofauti mtu akitazama nyuma. Hoja hii ina uzito na sitaki kuidharau. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Machi wengi tulikuwa gizani. Ijumaa hiyohiyo Waziri Mkuu wa Australia, Scott Morrison, alitangaza ushauri dhidi ya mikusanyiko ya watu zaidi ya 500 kuanzia Jumatatu, huku akisema yeye mwenyewe bado angekwenda kutazama mechi ya raga Jumamosi, kabla ya kubadili nia. Kama kiongozi wa taifa alikuwa na miguu katika mitumbwi miwili, tumlaumu mwandaaji wa mbio?

Ndiyo, tumlaumu, na kiongozi wa taifa pia. Hali inayobadilika haraka ndiyo hasa inayodai mwamuzi ajulikane mapema. Bahrain waliishi katika dunia ileile na kirusi kilekile, wakaamua siku 14 kabla ya mbio zao. Uamuzi wao haukutosha, kwani baadaye ilibidi mbio zenyewe ziahirishwe, lakini ulimfikia mwananchi akiwa bado nyumbani kwake.

Ijumaa hiyohiyo ya tarehe 13 Machi, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Kenya nayo ilikuwa na mbio zake za kupoteza. Safari Rally, iliyotoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ilikuwa irudi Julai 2020 baada ya kusubiriwa kwa miaka 18. Tarehe 15 Mei ikatangazwa kwamba haitafanyika mwaka huo. Sitaki kuwapamba Wakenya kupita kiasi: kufikia Mei viwanja vya ndege vilikwisha kufungwa kwa wasafiri wa kimataifa, na ugumu wa kuamua ulikuwa umepungua. Hata hivyo neno lilitoka miezi miwili kabla, nafasi katika kalenda ya 2021 ikapatikana, na Juni 2021 magari yakatimua vumbi la Naivasha. Aliyesema "hapana" mapema hakuua mchezo. Melbourne yenyewe iliporudi Aprili 2022, watu zaidi ya 400,000 walihudhuria kwa siku nne. Hofu kwamba kufuta mapema kungezika mashindano haikuwa na msingi.

Ndugu zangu watumishi wa umma, msidhani habari hii ni ya matajiri na magari yao. Kila ofisi ina Albert Park yake: mtihani, mkutano wa hadhara, tamasha la mkoa, ziara ya mgeni mashuhuri. Kabla ya tukio lolote, andikeni mambo matatu. Kwanza, jina la cheo kimoja chenye kauli ya mwisho. Pili, siku na saa ambayo uamuzi lazima uwe umetolewa, hata kama taarifa hazijakamilika. Tatu, namna hasara itakavyogawanywa, ili anayesema ukweli mapema asiadhibiwe kwa kuusema.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, tuliozoea kuuliza "kwa nini mmefuta?", tujifunze kuuliza swali linalouma zaidi: "Mlijua lini, na nani miongoni mwenu alinyamaza?" Mtu aliyesimama foleni asubuhi ile Melbourne hakudai mbio zifanyike kwa gharama ya uhai wa watu. Alistahili kuambiwa tangu jana yake.