BUTURA SI BIASHARA, NI DHULUMA



Ndugu yangu katika imani, kahawa bado ni maua, tajiri keshaifanya yake. Mzazi kabanwa na sare na daftari za watoto, anapewa senti kidogo, msimu ukifika anavuna mwingine. Hiyo ndiyo butura, hapa Kihanga na Karagwe na Kyerwa.

Utasema: "Tumeridhiana." Ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa gani? Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuiva, imo katika Bukhari na Muslim.

Wengine wanajificha nyuma ya salam. Salam ina masharti: bei ilipwe yote papo hapo, aina, kipimo na siku ya kukabidhi vijulikane. Wewe umenunua mibuni ile ile ya jirani, na kilo zake huzijui. Hiyo ni gharar, na serikali nayo imeipiga marufuku.

Mwenye fedha, ukitaka kheri toa qardh hasan, urudishiwe kile kile ulichotoa. Nasi jamaa wa msikiti tuchangiane, jirani asiuze kahawa mtini kwa ajili ya sare.

Wallahu a'lam.