Sampuli ya saa nne asubuhi

Mnunuzi wa maharage hahitaji kusomea takwimu ili ajue sampuli ni nini. Anachoma gunia kwa bambo, anatazama punje kiganjani, anataja bei. Lakini mzoefu hachomi juu tu. Atachoma ubavuni na chini pia, maana muuzaji mjanja hupanga nzuri juu.

Nashangaa basi sisi wenyewe tunapopimwa kwa kuchomwa juu. Wadadisi waliowahi kupita mtaani kwetu hapa Buterere walikuja saa nne asubuhi. Saa hiyo wafanyabiashara walikuwa wameondoka tangu alfajiri kuelekea Gatumba na Uvira. Nyumbani walibaki bibi na watoto. Mlango uliofungwa ulirukwa, akahojiwa jirani aliyekuwepo. Na orodha yao ya kaya ilikuwa ya zamani, sisi tuliorudi kutoka Tanzania hatukuwamo. Jina langu sikuliona. Hata hivyo wastani wa matumizi ya kaya uliandikwa, tena na desimali zake!

Watetezi watasema waliohojiwa walikuwa wengi. Mimi nafundisha hesabu, na nasema wingi hauondoi kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon atashinda urais. Majina lilikuwa limeyatoa kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na magari. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Dawa ipo, na Burundi imeshaitumia. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2016-2017 ulichagua maeneo kwa kura kutoka sensa ya 2008, lakini katika kila eneo kaya ziliorodheshwa upya kabla ya kupigiwa kura. Aliyehamia mwezi uliopita alikuwa na nafasi sawa na mwenyeji wa miaka yote. Kaya takriban 16,000 zilitosha kwa nchi nzima.

Tangu 2017 wakimbizi waliorejea wamepita 200,000. Anayetaka kujua Buterere inakula nini aorodheshe upya kwanza, kisha aje saa moja jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka mihangaikoni. Akikuta kufuli arudi kesho yake, asihamie kwa jirani. Mimi hupatikana kuanzia saa kumi na moja.