Fedha ya Madini Inajenga Nini?



Mwaka uliopita chama chetu kilinunua viti vya plastiki kwa ajili ya ukumbi wa parokia. Tulimpata mwuzaji wa bei ya chini, tukalipa, tukapigiwa makofi kwa kuokoa sadaka za waamini. Kabla mvua hazijaisha, nusu ya viti hivyo ilikuwa imevunjika miguu. Wazee walikwisha kutuonya kwamba rahisi huvunja upishi. Tulipofungua daftari ili kujua uamuzi ulifanywaje, tulikuta jumla ya fedha tu. Hapakuwa na bei za wauzaji wengine, wala maelezo ya aina ya kiti tulichokihitaji. Hakuna aliyeiba. Hata hivyo, sadaka ya mama muuza mboga ilipotea.

Tunaanza na aibu yetu wenyewe kwa sababu jambo tunalotaka kulitafakari ni kubwa kuliko viti, wala hatustahili kulisema kama watu wasio na kosa.

Sisi wa Kolwezi tunaishi juu ya shaba na kobalti. Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaugawa mrabaha wa madini katika mafungu manne: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mji, komini, sekta au uchifu ambamo uchimbaji unafanyika, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Fungu la jimbo na lile la utawala wa karibu yetu yanatakiwa kulipwa moja kwa moja, bila kungoja mgawo wa Kinshasa. Zaidi ya hayo, kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Zamani tuliuliza: fedha zetu zimekwama wapi? Swali hilo halijaisha, lakini limezaa la pili: zile zilizofika, zimegeuka kitu gani?

Hapo ndipo penye suala la thamani ya fedha. Wengi hudhani kwamba thamani ni bei ndogo. Wengine hudhani ni ukubwa wa kiasi kilichotumika, ndiyo maana mabango ya miradi huandika mamilioni kwa herufi nene. Tuchukue mfano. Mjenzi mmoja anaahidi pampu ya maji kwa dola 8,000, nayo inakufa baada ya miaka 2. Mwingine anataka dola 12,000, anawafundisha vijana wawili wa mtaa kuitengeneza, anahakikisha vipuri vinapatikana, na pampu inatoa maji miaka 10. Ya kwanza imetugharimu dola 4,000 kwa mwaka. Ya pili dola 1,200. Aliyechagua bei ya chini amechagua ghali, na watakaolipa tofauti ni watoto wa kike watakaorudi mtoni na madumu.

Hata hivyo, bei kubwa nayo si ushahidi wa ubora. Mwaka 2024 nchi nzima ilijadili mkataba wa mwaka 2021 wa kujenga vituo 1,000 vya maji kwa karibu dola milioni 400. Raia wa kawaida waligawanya namba hizo, wakapata karibu dola 400,000 kwa kila kituo, wakashangaa. Waliotetea mkataba walijibu kwamba hivyo si visima vitupu, bali ni vituo vyenye mitambo ya kusafisha maji. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hesabu ya darasa la sita inatosha kuamsha taifa. Pili, bei hailinganishwi na bei mpaka tujue kitu chenyewe kilichoagizwa. Yeyote anayeficha maelezo ya kazi anatunyima uwezo wa kuhukumu kwa haki, hata kama yeye mwenyewe ni mwaminifu.

Sheria haikutuacha yatima. Sheria ya mikataba ya serikali ya tarehe 27 Aprili 2010 inawahusu pia majimbo na tawala za chini. Inataka zabuni iwe wazi, wenye uwezo wote waruhusiwe kushindana, na watendewe sawa. Kumpa mtu mmoja kazi bila ushindani ni jambo la pekee linalohitaji sababu na idhini. Tena, kazi ya ujenzi hupokelewa mara mbili: kwanza kwa muda, kisha moja kwa moja baada ya kipindi cha dhamana. Katika kipindi hicho mjenzi anawajibika kurekebisha kasoro. Kwa Lualaba, ambako mvua za Novemba hadi Aprili ndizo mkaguzi mkali kuliko wote, upokezi huo wa pili una maana kubwa. Mfereji uliozinduliwa Agosti kwa ngoma na mkasi haujapita mtihani wowote.

Wako watakaosema: taratibu hizi zinachelewesha, na watu wana kiu leo. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini tofautisheni dharura na haraka. Daraja lililobebwa na maji ni dharura. Kutaka jambo liwe limezinduliwa kabla mgeni fulani hajafika ni haraka tu, na haraka ya namna hiyo humlipa mjenzi mara mbili.

Maandiko yanatufundisha vivyo hivyo. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, hekalu lilikuwa limechakaa wakati wa mfalme Yoashi, na fedha zilikuwa zikiingia bila ukarabati kuonekana. Kuhani Yehoyada akaweka sanduku lenye tundu kifunikoni. Kila lilipojaa, karani wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, kisha fedha zikaenda kwa maseremala na waashi. Naye Mtume Paulo, alipopeleka mchango wa maskini wa Yerusalemu, hakuridhika na uaminifu wake mwenyewe. Alikubali msafiri mwenza aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na shaka yoyote. Mtu mwema haogopi kuhesabiwa.

Tunawaomba basi kila kikundi cha vijana kichague kazi moja tu ya umma katika mtaa wake: shule, kisima, mfereji, zahanati. Pamoja na tume ya Haki na Amani ya parokia, mkaulize kwa adabu katika ofisi ya komini: nini hasa kiliagizwa, wangapi walishindana, kwa nini huyu alichaguliwa, na dhamana inakwisha lini? Andikeni majibu. Andikeni pia pale mlipokosa majibu. Kisha rudini kuitazama kazi hiyo baada ya mvua. Msimtaje mtu kuwa mwizi kwa sababu ya uvumi. Kuuliza si kushtaki, na usingiziaji ni dhambi kama wizi ulivyo dhambi.

Madini hayaoti tena. Kila tani inayopanda lori kuelekea mpakani inaondoka mara moja tu, na kinachobaki kwa wajukuu ni kile ambacho fedha yake imejenga. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumekwisha kuanza nyumbani: viti vipya vitakaponunuliwa, bei tatu na sababu ya uchaguzi wetu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa. Njoni mzisome, mtuulize.